Jabali la graniti lililosuguliwa na barafuto, mita 3,400: mguu unaponyoka palepale. Nifanyeje?

KingoJuu

Wakuu salaam. Naomba msaada wa wanaopanda majabali bila kamba na wanaoijua graniti laini ya milimani.

Jabali lina urefu wa mita nne na nusu hivi, liko kwenye bonde lililochongwa na barafuto (mto wa barafu unaotambaa polepole), na uso wake wa mashariki umesuguliwa hadi unarudisha mwanga wa jua. Mwanzo hauna tatizo: vishikio viwili vya pembeni vyenye kingo kali, mguu mmoja kwenye ufa. Baada ya hapo uso unalala, tuseme nyuzi 65 kutoka usawa wa ardhi, na cha kukanyaga ni uvimbe mmoja wa mviringo, laini kabisa. Mkono wa kulia unabaki kwenye ukingo wa pembeni, wa kushoto unatakiwa kupanda hadi mgongo wa juu, ambao nao ni mviringo. Wa kushoto ukiachia tu, mguu wa kulia unaponyoka kwenye uvimbe.

Ninavyo viatu jozi mbili: vigumu vyenye ncha iliyopinda chini, na laini visivyo na kamba ambavyo soli yake imeanza kung'aa. Maswali yangu:

Je, kuna namna ya kukanyaga jiwe kama hili, au yote ni nguvu za vidole? Saa ngapi inafaa, maana alfajiri jiwe ni kama limepakwa mafuta na kufika saa nne jua limeshalichoma? Nimeshauriwa pia nipitishe msasa kwenye uvimbe, au nipake utomvu wa msonobari kwenye soli. Hilo likoje? Mwisho, chini kuna mawe yaliyolundikana na shimo kati yake, kwa hiyo ushauri wa magodoro ya kuangukia naupokea.

MsuguanoKwanza

Mkuu KingoJuu, jibu fupi la swali la kwanza: vidole si tatizo lako. Tatizo ni mguu umebeba uzito kwa mwelekeo usiofaa, juu ya sehemu isiyofaa ya uvimbe, na huenda soli ni chafu.

Anza kwa kujua jiwe limelainishwa na nini. Barafuto husaga unga wa mawe kati yake na mwamba. Unga huo ndio unaong'arisha, na mawe yaliyonaswa ndani ya barafu huchora mistari mirefu kufuata mwelekeo wa safari yake. Kule Tuolumne, ndani ya hifadhi ya Yosemite, California, Marekani, nyuso za namna hii bado zinang'aa ingawa barafu iliondoka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Faida yake kwa mpandaji ni kwamba ngozi hii ya jiwe hubanduka vipande vipande, na palipobanduka chembe za madini ya kwazi na feldspa zinabaki wazi, zinakwaruza. Ulaini wa maji hauna mistari. Unafuata mkondo na kuacha mabakuli. Ulaini wa watu uko kwenye vishikio na vikanyagio tu, na sehemu yake si jiwe kabisa bali ni mpira uliosagika, chaki na mafuta ya ngozi vilivyogandamana. Huo unapungua ukisafishwa. Jabali lako ni la barafuto, lakini kama njia hii inapandwa mara kwa mara, juu ya uvimbe una ulaini wa watu pia.

Fanya hivi. Kabla ya jua kufika, chukua tochi ya kichwani, iweke pembeni ya uvimbe hadi mwanga ulale karibu sambamba na jiwe, kisha sogeza jicho karibu. Kitu kilichoinuka nusu milimita kitatoa kivuli. Utaona mistari ya barafu, utaona alama ndogo za umbo la hilali zilizokaa mkingamo na mistari hiyo, na ukibahatika utaona ukingo wa ngozi iliyobanduka. Ukingo huo, hata ukiwa na unene wa kucha, ndio kikanyagio. Usipoupata, mstari unaopita mkingamo na mguu wako unafuata kwa ubora. Unaoshuka wima haukusaidii kitu.

Sasa hesabu. Kwenye mteremko wa nyuzi 45, mtu aliyesimama kwa miguu tu anahitaji kani ya msuguano iliyo sawa na kani ya mgandamizo, yaani uwiano wa 1. Kwenye nyuzi 60 anahitaji 1.7. Kwenye nyuzi 65 anahitaji 2.1, na hakuna soli itakayokupa hicho kwenye jiwe laini. Kwa hiyo yapo mambo mawili tu yanayoweza kukubeba. La kwanza ni kutafuta sehemu ya uvimbe iliyolala zaidi. Uvimbe wa mviringo una sehemu ya nyuzi 40 na ya nyuzi 65 ndani ya sentimita tano, na wapandaji wengi hukanyaga ile ya chini kwa sababu ndiyo wanayoiona wakitazama kutoka juu. Weka soli juu zaidi ya unavyodhani. La pili ni kuusukuma mguu ndani ya jiwe kwa kuvuta upande wa pili: mkono wa kulia ukivuta ule ukingo wa pembeni kwa nguvu na kwa mkono ulionyooka, mguu unagandamizwa zaidi na msuguano unaongezeka.

Hapo ndipo unapopotelea. Ukiachia mkono wa kushoto, mwili wako unazunguka kwenye mstari unaounganisha mkono wa kulia na mguu wa kulia, vyote viko upande mmoja. Kani ya mguu inahama kutoka kuingia ndani ya jiwe na kuwa ya kando, na mpira kwenye jiwe laini hausamehe kani ya kando. Dawa: kabla ya kuachia, sogeza nyonga kuelekea juu ya mguu wa kulia hadi vidole vya mkono wa kushoto vihisi vimekuwa vyepesi kwenye kishikio. Kama bado vimebeba, hujafika. Kisha pitisha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia, uunyooshe upande wa kulia, ubonyeze jiwe kwa upande wa kiatu. Mguu huo haubebi uzito. Kazi yake ni kuzuia mzunguko. Ndipo mkono uende, polepole.

Na kisigino kishuke. Kikipanda, soli inagusa kwa ukanda mwembamba chini ya vidole. Mpira si kama mbao: kadiri mgandamizo kwa kila sentimita ya mraba unavyopanda, ule uwiano wa msuguano wake unashuka, ndiyo maana eneo kubwa linashika vizuri zaidi kwenye uso laini. Kisigino kikishuka, mpira wote wa chini ya vidole hadi kwenye mto wa mguu unalala juu ya jiwe.

SoliSafi

Naunga mkono hayo, na naongeza kuhusu kiatu kwa sababu hapa watu hupuuza sana.

Kwenye jiwe lenye chembe, mpira unashika kwa njia mbili: unajifinyanga kuzunguka chembe, na unanata. Kwenye jiwe lililosuguliwa njia ya kwanza karibu haipo, umebaki na kunata. Kunata kunakufa mara moja vumbi, chaki au maji yakiingia katikati. Ndiyo maana soli yenye vumbi inaweza kukupitisha kwenye jiwe la kawaida bila kuhisi tofauti, halafu ikakuangusha hapo.

Utaratibu: usivae viatu ukiwa chini kwenye changarawe. Weka kipande cha zulia juu ya godoro, pandia hapo hapo. Kila kabla ya kupanda, lowesha kitambaa maji kidogo, futa soli yote hadi kitambaa kisitoke na weusi wa vumbi, kisha sugua kwa kiganja kikavu hadi soli itoe mlio. Mlio huo ndio kipimo. Usipousikia, bado kuna kitu juu yake. Halafu usikanyage chochote zaidi ya zulia na jabali.

Soli inayong'aa unaweza kuifufua. Tumia msasa wa namba 120 au 150, sugua kwa miduara midogo bila kukandamiza, mpaka weusi uwe wa kufifia bila mng'ao. Unaondoa ngozi iliyokauka, si mpira. Soli nyingi zina unene wa milimita 3.5 hadi 4, na ukizoea kusugua kila siku utazimaliza bure. Baada ya msasa osha kwa maji na uache vikauke kivulini, maana unga wa mpira uliobaki ni mbaya kuliko mng'ao wenyewe.

Kwa uvimbe vaa kile kiatu laini. Kiatu kigumu chenye ncha iliyopinda kinashikilia umbo lake na kinagusa mviringo kwa sehemu ndogo tu. Ila mwanzo wako wenye ufa unaweza kuhitaji ugumu, kwa hiyo hakuna kinachozuia kuvaa kigumu kushoto na laini kulia. Ni jambo la kawaida kabisa kwenye majabali.

Na baridi: mpira ukipoa sana unakuwa mgumu na haunati. Ukiwa unapumzika, viatu viwe ndani ya koti, si juu ya jiwe.

BondeLaBarafu

Mimi nijibu la saa, na la mwinuko kwa kuwa hamjaligusa.

Kinachokuangusha alfajiri si baridi, ni umande. Usiku wa anga safi jiwe linapoteza joto kuelekea angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa yenye unyevu ikiligusa, mvuke unageuka utando wa maji. Graniti yenye chembe ingeuficha utando huo katikati ya chembe zake. Uso uliosuguliwa hauna pa kuuficha, wote unakaa kati ya soli na jiwe. Mara nyingi huwezi kuuona kwa macho.

Beba vitu viwili vidogo: kipima unyevu wa hewa, na kipimajoto cha miale kinachosoma joto la jiwe bila kuligusa. Kanuni ya haraka, ambayo inafaa unyevu ukiwa juu ya asilimia 50: kwa kila asilimia 5 zilizopungua kutoka 100, toa nyuzi 1 kwenye joto la hewa, unapata joto ambalo umande unaanza kutua. Mfano, hewa ni nyuzi 8 na unyevu asilimia 85: umande unatua kwenye karibu nyuzi 5. Jiwe likisoma 4, limelowa, hata kama linaonekana kavu. Unyevu ukishuka hadi asilimia 60, umande unahitaji jiwe la karibu nyuzi 0, na jiwe lilelile la nyuzi 4 sasa ni kavu. Usipande kabla jiwe halijawa juu ya kiwango hicho kwa nyuzi 3 hivi. Kama huna vipimo, pulizia pumzi kwenye uvimbe uone ukungu wake. Ukitoweka mara moja, jiwe liko tayari. Ukikaa kaa, subiri.

Uso wa mashariki unakupa nafasi mbili kwa siku. Ya kwanza ni fupi: jua linapofika na kuukausha, hadi jiwe linapopita nyuzi 15 hivi. Milimani jua ni kali na hewa ni nyepesi, kwa hiyo jiwe linaweza kupita joto la hewa kwa nyuzi 15 au zaidi kabla hujamaliza kupasha mwili. Jitayarishe kabla, uwe umevaa na soli zimefutwa jua linapogusa jabali. Mwavuli mkubwa ukishikwa na mwenzako kati ya jua na uvimbe, baada ya jiwe kukauka, unaurefusha muda huo kwa kiasi cha kuridhisha. Feni ndogo ya betri nayo inasaidia, inaondoa hewa yenye unyevu iliyolala juu ya jiwe na inakausha vidole.

Nafasi ya pili ni alasiri, uso ukiwa kivulini. Hiyo kwa kawaida ni bora zaidi, isipokuwa milima mirefu mingi hupata radi mchana katika msimu wa joto. Ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10 na tayari umechelewa kuondoka. Usijibanze chini ya jabali wala kwenye pango fupi; umeme unaopita ardhini na ule unaoruka pembeni hupita hapo hapo. Shuka, achana na kingo na miti iliyosimama peke yake, na usirudi hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Kama imenyesha, uso laini hukauka upesi lakini ufa unaendelea kutoa maji, na mguu unaotoka kwenye ufa unayapeleka kwenye uvimbe. Futa ufa kwa taulo.

Kuhusu mwinuko. Mita 3,400 shinikizo la hewa ni kama theluthi mbili ya lile la pwani. Nguvu ya hatua moja ngumu haipungui kwa kiasi cha kukuzuia, kwa sababu misuli inatumia akiba yake. Kinachodorora ni kuijaza tena akiba hiyo, maana kazi hiyo inataka oksijeni. Ukipumzika dakika tatu kama ulivyozoea chini, jaribio linalofuata unaanza ukiwa umechoka, unatetemeka mguu, na mguu unaotetemeka hauwezi kubaki kwenye jiwe laini. Pumzika dakika nane hadi kumi. Kaa chini, vaa koti, kunywa maji. Na pumua mara mbili kwa kina kabla ya hatua yenyewe. Wengi hubana pumzi kwenye hatua ngumu, na mhemo unaofuata ndio unaohamisha nyonga.

Juu ya mita 3,000 inashauriwa usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na siku ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, usipande siku hiyo. Dalili zikizidi, shuka. Mtu akianza kuyumba anapotembea, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

KingoJuu

Wakuu, asanteni sana, hili la nyonga na la upande wa juu wa uvimbe sikuwa nimelifikiria. Swali la nyongeza: vidole vyangu huko juu vinakauka mpaka ngozi inakuwa ngumu na kuteleza kwenye ule mgongo wa juu. Nikiongeza chaki naona ni mbaya zaidi. Na magodoro je?

SoliSafi

Chaki kazi yake ni kunyonya jasho. Pasipo jasho inakuwa unga tu kati ya ngozi na jiwe, na kwenye jiwe laini unga unateleza. Ngozi inayofaa kwa mviringo uliosuguliwa ina unyevu kidogo sana, ile hali ya ncha ya kidole kunata ukibonyeza na kuachia. Ikikauka, pulizia pumzi ya joto kwenye vidole, au viguse kwenye kitambaa chenye unyevu kisha uvipangusie kwenye suruali. Chaki ipake nyembamba, kisha piga viganja kuiondoa ya ziada. Acha kabisa chaki ya maji, ina spiriti na inakausha zaidi. Vivyo hivyo dawa za kuzuia jasho zenye methenamini. Jioni kwaruza ngozi iliyoinuka kwa msasa laini wa namba 220 au zaidi, kisha paka mafuta mazito ya nta ulale nayo. Asubuhi osha kwa sabuni, yasiende kwenye jiwe.

Mikono iwe ya joto kabla ya kuanza. Kidole kilichokufa ganzi hakikwambii kwamba kinaponyoka.

MagodoroMawili

Mguu unaoponyoka hauna taarifa. Mtu aliyechoka vidole anajua anakaribia kuanguka. Wewe utakuwa hewani kabla hujajua, na utatoka kwa nyuma ukielekea upande wa kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia ndio unaoachia mwisho. Panga magodoro kwa anguko hilo, si kwa lile la moja kwa moja chini.

Kwa mawe yenye shimo, godoro moja halitoshi. Jaza shimo kwanza kwa godoro dogo lililokunjwa, likae imara, usitumie mabegi yenye majiko au chupa ndani. Juu yake weka magodoro mawili makubwa ya unene wa sentimita 10 au zaidi, mkunjo wa katikati usikae juu ya shimo, kwa sababu godoro linajikunja hapo na mguu unapita. Kisha tandaza kifuniko chembamba, sentimita mbili au tatu, juu ya maungio yote ili kisigino kisiingie katikati. Panda juu ya mpangilio wako, ruka mara kadhaa kwenye kila kona. Ukisikia jiwe linacheza chini, pangua uanze upya. Usihamishe mawe yenyewe.

Sponji hukakamaa kwenye baridi, na godoro lililolala nje usiku kwa joto la chini ya sifuri linapokea kwa ugumu. Liweke ndani ya hema, au juani kabla ya kuanza.

Ukianguka kwenye uso uliolala, vishawishi viwili vinavunja watu: kukaa chini ukitelezea makalio, na kupeleka mkono nyuma. Badala yake jisukume kidogo kutoka kwenye jiwe kwa viganja ili magoti na kidevu visikwaruze, miguu iwe chini yako, magoti yamelegea, ukigusa godoro endelea kuviringika. Anayekukinga asijaribu kukudaka. Asimame upande wa kushoto wa uvimbe, mguu mmoja mbele, vidole gumba vimefungwa pamoja na vingine visije vikateguka, alenge nyonga na mgongo wa chini, akuelekeze kwenye godoro. Kichwa chako kisigonge jiwe, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza.

MsuguanoKwanza

Sasa lile la msasa na utomvu, ambalo hakuna aliyelijibu.

Usipitishe msasa. Ngozi ya barafuto hairudi, na mkwaruzo wako wa leo utalainishwa na viatu vya watu hadi kuwa shimo laini kuliko uvimbe wa sasa. Vivyo hivyo kuchonga, asidi, na kubandua kile kipande kilichoinuka ukingoni. Brashi ya waya nayo inang'arisha, na inaacha chuma kinachopata kutu. Utomvu unanata siku moja, halafu unabaki kwenye jiwe kama kioo kinachokusanya vumbi. Kule Fontainebleau, Ufaransa, ulitumika kwa vizazi na uliacha vikanyagio vinavyong'aa ambavyo havijapona, na leo wapandaji wenyewe wanaupinga. Kukausha kwa moto wa gesi pia hapana: kwazi hutanuka kuliko madini mengine ya graniti, na uso unapasuka na kuruka vipande.

Unachoruhusiwa ni kusafisha. Brashi ya nywele za nguruwe au nailoni laini, piga kavu kwanza kuondoa chaki. Kama uvimbe una weusi wa mpira, lowesha kitambaa maji ya vuguvugu kidogo, sugua, kausha kwa kitambaa kingine, acha upigwe na upepo. Hakikisha huachi maji yagande. Ukimaliza siku, brashi tena, na alama za chaki ulizochora za kukuonyesha mahali pa mguu zifutwe. Alama ichore pembeni ya kikanyagio, kamwe si juu yake.

KingoJuu

Nimeelewa, msasa basi. La mwisho: nikifika kwenye mgongo wa juu, ambao ni mviringo na laini, napindukiaje? Na nyuma ya jabali kuna mteremko wa kushukia lakini uko kivulini siku nzima.

BondeLaBarafu

Mgongo wa mviringo unaushika kwa kuvuta kuelekea ndani ya jiwe, si chini. Mwili ukiwa chini ya mikono, iliyonyooka, unashika. Ukipanda hadi kifua kifikie usawa wa mikono, mwelekeo unageuka na viganja vinaponyoka. Kwa hiyo katikati ya safari geuza: kiganja cha kushoto kiviringishe vidole vielekee kwako, msingi wa kiganja ubonyeze chini. Mguu wa kulia bado uko kwenye uvimbe, kisigino chini. Usirushe kisigino juu ya ukingo, kwenye mviringo laini kinatoka na kinakugeuza kichwa chini. Panda miguu kwa hatua fupi za kubandika soli, sentimita kumi, ishirini, huku kiganja kinabonyeza. Nyonga ikipita juu ya kiganja, inua mguu uweke soli nzima pale kiganja kilipo, egemeza kifua juu ya goti, simama bila kuruka. Chunguza mgongo huo kabla kwa kupanda kutoka nyuma, ufute chaki na mchanga. Kule juu mchanga hukusanyika na hakuna anayeupiga brashi.

Mteremko wa nyuma uuchunguze siku hiyo hiyo, asubuhi, kabla ya kupanda. Kama uko kivulini unaweza kuwa na utando wa maji au barafu nyembamba mchana kutwa, na kuvu wa mawe akilowa anateleza sana. Shuka ukiangalia jiwe, viatu vya kupandia vikiwa bado mguuni, mikono chini karibu na miguu, na godoro moja lihamishiwe upande huo kabla hujaanza kushuka. Mteremko ukiwa umeganda, mwambie mwenzako akurushie kamba nyepesi juu ya mgongo wa jabali na aishikilie upande wa pili, akiwa amejifunga na amekaa nyuma ya jiwe zito; usining'inie ghafla, shuka kwa mvutano wa taratibu.